Aliyetolewa Nje Kabla ya Siku Yake

Sheria ya nchi inasema polisi asiingie nyumba ya mtu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na watu wa usalama wa Bujumbura ni watu wa sheria. Kwa hiyo walifika mtaa wa Rugogo kungali na giza, wakazingira nyumba zote kuanzia bomba la maji hadi shule, kisha wakasubiri. Venanti Ntahombaye, fundi mwashi, alilala macho akiwasikiliza wakikohoa. Mmoja akaja akakojoa kwenye ukuta wake, ukuta aliousimamisha kwa mkono wake mwenyewe na kuupiga lipu mara mbili. Alikojoa taratibu, kama mtu aliye kwao. Hilo sheria haikuliwekea saa.

Jua lilipochungulia, kipaza sauti kikakoroma.

"Ndugu wananchi! Hii ni operesheni ya kawaida kwa usalama wenu wenyewe! Kila mtu atoke na daftari la nyumba yake! Atakayebaki ndani tutajua ana la kuficha!"

Ilikuwa sauti ya Evarisiti, mkuu wa mtaa. Kabla ya kupewa kile kipaza sauti, Evarisiti alikuwa anauza ndala, na hata mteja aliyesimama mbele yake alimwambia, "Ongeza sauti bwana, hatukusikii." Sasa mtaa mzima unamsikia, utake usitake.

Venanti akasimama kwenye pazia la chumba cha nyuma, asilifunue.

"Umeamka, mwanangu?"

"Nimeamka, baba. Nani alale na hao?" Mkwewe Godeliva alijibu kwa sauti ya chini. "Na mtoto naye yuko macho."

"Usitoke. Nitaongea nao."

"Utaongea nao, au utawatukana?"

"Nitaongea."

"Mh. Baba, nakufahamu mimi."

Mtoto alikuwa na siku ya tano. Kwao mtoto hatoki nje mpaka siku ya nane. Siku hiyo hupelekwa juani, watoto wa majirani wakala maharage kwenye ungo mmoja, na mkubwa wa nyumba akalitamka jina. Kabla ya hapo hana jina, wala hapana anayemuuliza. Na jina la watu wale si mapambo. Ni neno zima ambalo mkubwa wa nyumba anauambia ulimwengu: shukrani kwa Mungu, jibu kwa jirani mwenye husuda, malalamiko dhidi ya ndugu. Baba yake Venanti alifukuzwa na kaka zake kutoka vilima vitatu, akamtwika mtoto uchungu wake: Ntahombaye, yaani Sina Pa Kukaa. Na huyo Sina Pa Kukaa ndiye aliyejenga nusu ya nyumba za Rugogo.

Kwa mjukuu huyu alikuwa ametafuta jina la shukrani. Tangu mkewe Karitasi afe, miaka miwili sasa, hajamshukuru mtu wala Mungu, akaona wakati umefika. Jina lenyewe alilikalia kimya. Alilitafuna peke yake kazini akipanga matofali, na lilikuwa tamu. Alichotaka ni siku tatu tu zilizobaki zipite, mtoto atoke kwa adabu, alitamke.

Mlango ukagongwa.

*

"Saa kumi na mbili na dakika moja." Afande Nikodemu alimwonyesha saa yake ya mkononi. "Tumeheshimu haki yako, mzee."

"Nimeona, afande. Hata ukuta wangu mmeuheshimu. Bado unatiririka."

Afande alikuwa na kitambi kipya ambacho bado hakukizoea, kila mara akikishikashika kama mzigo wa kuazimwa. Nyuma yake walisimama askari wawili, mmoja ameshika nondo nyembamba iliyonolewa ncha. Kando yao Evarisiti na kipaza sauti chake, na Mama Sikolasitika, nyumbakumi wao, ambaye kwa sheria lazima ashuhudie.

"Kibali cha kupekua kiko wapi?" Venanti aliuliza.

Evarisiti akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa kopi ya kopi, maandishi yamefifia kama ya mtu anayeandika kwa maji.

"Hii ni ya mwezi wa jana."

"Usalama hauna tarehe, mzee."

"Na hapa hapajaandikwa nyumba yangu. Hapajaandikwa nyumba yoyote."

"Imeandikwa mtaa. Wewe hukai mtaani? Unakaa mbinguni?"

"Ntahombaye," Mama Sikolasitika akasema, "waache wafanye kazi yao waende zao. Jua litatukuta hapa."

Kwa mama huyu Venanti aliupunguza ulimi. Siku guruneti liliporushwa sokoni, kwenye meza za wauza dagaa, Karitasi alikufa palepale, na mtoto wa Sikolasitika, Elvisi, akapoteza mguu. Mama yake aliuokota mguu ule, akaufunga kwenye kitenge, akaupeleka hospitali akidhani utarudishiwa mahali pake. Mkutano wa mtaa ulipoitwa na serikali ikaomba ruhusa ya kupekua nyumba hadi nyumba, watu wote walinyoosha mkono. Venanti alinyoosha yote miwili.

Tangu hapo walipekuliwa mara thelathini na kitu, akaacha kuhesabu. Aliyerusha guruneti hakuonekana. Kilichoonekana ni panga la kukatia majani, redio ya mjane mmoja isiyo na karatasi, na galoni la pombe ya kanyanga, ambalo ushahidi wake uliishia tumboni mwa askari kabla ya kufika kituoni. Mtu mwenye guruneti, Venanti alisema kila siku kwa mafundi wenzake, hawezi kulala nyumba yenye daftari akasubiri Evarisiti aje na kipaza sauti. Lakini akili hiyo inahitaji mtu mwenye kichwa, na kichwa si sharti la cheo.

Afande akalifungua daftari. Kila nyumba inalo la kwake, lenye majina ya wote wanaolala humo na muhuri wa mtaa.

"Ntahombaye Venanti."

"Yupo."

"Sina Pa Kukaa!" Afande akawageukia wenzake akicheka. "Mzee, jina linasema huna pa kukaa, daftari linasema unakaa hapa. Tuamini lipi?"

"Amini macho yako, afande. Umeyabeba bure asubuhi yote."

"Karitasi... Huyu kafutwa."

Evarisiti mwenyewe ndiye aliyemfuta, wiki ileile ya mazishi, kwa rula na wino mwekundu. Ilikuwa kazi pekee ya serikali ambayo Venanti aliiona ikifanywa haraka na ikanyooka.

"Ndayegamiye Pasikali."

"Mwanangu huyo. Yuko Rumonge kwenye michikichi. Barua yake ya ruhusa imo nyuma ya daftari."

"Nduwayo Godeliva."

"Mkewe. Yuko chumbani. Amejifungua, ana siku ya tano."

Afande aliacha kusoma. Akaangalia daftari, akaangalia pazia, midomo ikichezacheza kama mtu anayepiga hesabu za darasa la pili.

"Basi humu mmelala watatu."

"Watatu."

"Daftari, ukimtoa wa Rumonge, lina wawili."

"Wa tatu hajaandikwa. Hana jina."

"Hana jina!" Afande alimgeukia mkuu wa mtaa. "Umesikia? Mtu ameingia mtaani kwako siku ya tano leo, analala humu, mamlaka haimjui."

"Ameingia kwa njia ambayo hata wewe ulipita, afande," Venanti akasema. "Hakupita kizuizini."

Yule askari wa nondo aliguna kwa kicheko akakimeza.

"Agizo linasema kila anayelala ndani ya nyumba aandikwe ndani ya saa ishirini na nne," Evarisiti alisema, sasa amejaa kifua. "Mgeni, mwenyeji, mkubwa, mdogo. Kila anayelala."

"Huyu halali, ungemsikia jana. Evarisiti, wewe ni mtoto wa hapa. Mama yako alikutoa siku ya ngapi?"

"Usinihusishe mama yangu na kazi ya serikali."

"Haandikwi kwa kuwa hana jina. Hana jina kwa kuwa hajatoka. Hajatoka kwa kuwa siku zake hazijatimia. Ijumaa atatoka, nitakuja mwenyewe ofisini kwako na daftari. Unataka niandike nini leo? Niandike 'kitu kinalia'?"

"Tutaliongea baadaye hilo," Afande akasema. "Pekueni."

*

Walipekua. Nondo ikazamishwa kwenye unga wa muhogo, ikatoka nyeupe, ikazamishwa kwenye maharage. Mfuko wa saruji ukachanwa tumboni, na saruji, ambayo fundi huifunika hata na umande, ikamwagika sakafuni ikachanganyika na maji ya beseni lililopigwa teke. Godoro likasimamishwa. Picha ya Karitasi ikageuzwa kuona kuna nini nyuma; nyuma kulikuwa na ukuta.

Kisha wakavuta pazia. Godeliva alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, kitenge hadi shingoni. Pembeni palikuwa na ndoo yenye kifuniko. Askari akaifunua, akaingiza nondo akakoroga.

"We!" Mama Sikolasitika alimshika mkono. "Hiyo ni damu ya uzazi! Huna dada?"

"Damu ni damu, mama," Afande alijibu kutoka mlangoni. "Tutajuaje ni ya nani?"

Godeliva alitazama ukutani. Hakulia. Venanti alisimama sebuleni akiangalia kucha zake, maana angeinua macho angekwenda jela kwa miaka.

Ndipo askari wa pili, aliyekuwa akipekua kona ya zana, alipotoa sauti ndogo ya kuku. Alikuwa amefunua gunia, akakuta kwenye msumari kitu cha shaba, kizito, chenye umbo la embe dogo, ncha chini na kamba juu. Aliisogelea kamba kwa jicho moja.

"Gu... guruneti! Afande! Lina kamba!"

Kwa miaka yote ya ufundi wake Venanti alikuwa hajawahi kuona watu wazima wakipita mlango mmoja wanne kwa pamoja. Afande ndiye aliyetangulia, na kitambi kilichomsumbua asubuhi yote sasa hakikumsumbua hata kidogo. Evarisiti alidondosha kipaza sauti kizingitini, kikalia kwa uchungu. Waliporuka mfereji na kufika salama kwenye ukuta wa jirani, hapo ndipo walipokumbuka kwamba wamekuja kulinda watu.

"Tokeni ndani! Tokeni! Kuna bomu!"

"Ni timazi!" Venanti alipaza sauti. "Timazi ya fundi, enyi vi... enyi maafande! Ya kunyooshea ukuta!"

Lakini Godeliva hakusikia timazi. Alisikia bomu. Neno lile lilikuwa limekwisha kumuua mama mkwe wake, na sasa liko hatua tano kutoka kwa mwanawe. Akasukuma pazia, akampita Venanti, akampita Mama Sikolasitika, akatoka mbio peku, kitenge kimemvuka bega, mtoto kichwa wazi.

Akatoka mpaka katikati ya barabara, juani.

Mtaa mzima ulikuwa umetolewa nje, madaftari mkononi. Akina mama waliokuwa karibu wakageuza nyuso upande wa pili kwa heshima, kama watu waliomkuta mtu anaoga. Mwanga ukampiga mtoto machoni. Akakunja uso, akapiga chafya.

Venanti alitoka akiishika timazi kwa kamba. Ilining'inia, imetulia wima, ikiwaonyesha watu wote chini ni wapi.

"Hii hapa," alisema. "Nani anataka kuipeleka kituoni?"

Mahali fulani nyuma mtu akaanza kucheka, na kicheko kikatambaa barabara nzima. Askari aliyeipigia kelele alijifanya anafunga kamba za viatu. Godeliva alimtazama baba mkwe wake, akaitazama ile shaba, kisha akatazama chini alikosimama. Hapo ndipo alipoelewa amefanya nini. Akavuta kitenge, akamfunika mtoto uso, amechelewa.

*

Mtu akichekwa mbele ya watu hutafuta wa kumlipisha. Afande Nikodemu alijikung'uta suruali akasogea.

"Haya, jina."

"Jina gani?"

"La huyu. Umesema hana jina kwa kuwa hajatoka. Ametoka. Mtaa mzima umemwona. Kisingizio kimeisha."

"Nyie ndio mmemtoa!"

"Katoka kwa miguu ya mama yake. Mkuu wa mtaa, andika."

Evarisiti akatoa kalamu, akaliegemeza daftari kwenye paja. "Toa jina, mzee, tumalize. Bila jina, mama na mtoto wanakwenda kituoni mpaka watambuliwe. Si mimi, ni agizo."

"Kituoni? Ana siku ya tano!"

"Kule kuna sakafu ya saruji safi," Afande alisema. "Wewe fundi utaipenda."

Mama Sikolasitika akamvuta Venanti mkono. "Mpe jina lolote. Majina ya Mungu yamejaa tele. Sema Irakoze, sema Nshimirimana, chukua mojawapo tumwondoe huyu mwanamke juani. Unaona anavyotetemeka?"

Alimwona. Miguu ya Godeliva ilikuwa na vumbi la saruji hadi vifundoni, na chini ya kitenge palikuwa pameanza kulowa. Venanti akalitafuta lile jina la shukrani alilolitafuna siku zote hizi. Lilikuwepo, alilijua, lakini lilipofika mdomoni likawa kama chakula kilichoanguka mchangani. Amshukuru nani? Alitamke mbele ya hawa, Evarisiti aliandike kwa mkono uleule uliomfuta Karitasi?

"Baba," Godeliva alinong'ona, "usimpe mwanangu ugomvi."

Alimsikia. Baadaye hakuweza kusema kwamba hakumsikia.

"Basakubusa," akasema.

Jina lile halikuhitaji mfasiri: Wanapekua Bure. Kisha mtu akasema "Yesu wangu!", na kile kicheko cha kwanza kikarudi kikiwa kikubwa mara kumi.

"Rudia," Afande akasema.

"Basakubusa. Nikutamkie herufi?"

"Hilo si jina! Ni matusi kwa vyombo vya usalama!"

"Siliandiki," Evarisiti akasema. "Sitaliandika."

"Utaliandika," alisema Mama Sikolasitika. Watu wakamgeukia, maana hata Venanti hakutarajia. "Evarisiti, mimi ndiye shahidi hapa. Nani anampa mtoto jina, mkubwa wa nyumba au wewe? Nani aliyelazimisha lipatikane leo? Mmelitaka, mmepewa. Mimi silipendi. Lakini nionyeshe agizo linalolikataza. Kama ni kopi ya kopi pia leta, nitasoma."

Evarisiti alimtazama Afande. Afande alitazama watu, na watu walikuwa wengi. Kalamu ikashuka. Aliandika pole pole, ulimi nje, kama anayechanja mti wenye miiba, akagonga muhuri.

Godeliva akaruhusiwa kurudi ndani. Venanti wakaondoka naye kwa kosa la kudharau mamlaka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile shtaka lilikuwa la kweli.

*

Walimweka siku tatu. Walimvua mkanda na ndala asije akajinyonga kwa ndala. Wa kumhoji alikuwa hajui kwa nini ameletwa. Akasoma karatasi, akasoma lile jina, akainamisha kichwa chini ya meza mabega yakimtikisika, kisha akamwambia arudi mahabusu kwa sauti ya ukali sana.

Alitoka Ijumaa, siku ya nane. Nyumbani hapakuwa na ungo wa maharage wala watoto wa majirani. Godeliva alikuwa amekwangua saruji iliyogandia sakafuni, lakini vipande vingine viligoma, na sakafu sasa ilikuwa na upele.

"Pole, baba. Maji ya kuoga yako nyuma."

"Ahsante, mwanangu. Watoto hawakuja?"

"Kuja kufanya nini? Mtoto alishatoka. Jina alishapata."

Akakaa. Godeliva alisimama akimbembeleza mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama baba mkwe wake usoni.

"Ulikuwa na hasira yako, baba. Una haki nayo. Lakini ukaivua ukamvika mwanangu. Wewe umelala mahabusu siku tatu. Yeye ataitwa hivyo shuleni. Ataitwa hivyo akiomba kazi kwa akina Evarisiti. Kila kizuizi cha barabarani atashushwa, aulizwe nani alikupa jina hili, na wewe hutakuwepo kujibu."

Venanti akatoa simu akampigia Pasikali, Rumonge. Pasikali alipolisikia jina alicheka mpaka akakohoa, kisha akakata kicheko ghafla hata Venanti akadhani salio limeisha.

"Baba, halibadilishiki?"

"Linabadilishika. Uende kwa Evarisiti, ukamwombe, aandike lingine yeye."

"Kwa Evarisiti?"

"Kwa Evarisiti."

"Basi liache," alisema Pasikali. Godeliva alichukua simu mkononi mwa mzee, akasema, "Liache. Lakini hapa ndani mimi namwita Keza, mzuri wangu," na akaenda kuanua nguo.

*

Baada ya wiki mbili walikuja tena. Safari hii waliwakusanya watu wa kila nyumba uwanja wa shule, Evarisiti akisoma madaftari kwenye kipaza sauti, jina baada ya jina, na nyumba ikishasomwa askari wanakwenda kuipekua. Alipofika daftari la Venanti akalifungua, akalitazama, akalifunga.

"Nyumba hii haina tatizo. Inayofuata."

Watu wakaguna. "Soma!" mtu alipaza sauti. Evarisiti akajifanya kipaza sauti kimekata, akakipigapiga.

Venanti alicheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Serikali nzima, yenye bunduki na magari na mihuri, imemkimbia mtoto mwenye siku ishirini na mbili! Alimgeukia Mama Sikolasitika aliyesimama karibu na Elvisi na magongo yake.

"Umeona? Wameniruka."

Mama Sikolasitika hakucheka. "Nimeona. Wamekuruka kwa ajili ya jina." Alisogea karibu. "Kwa hiyo leo mtu akitaka mahali pa kuficha guruneti, aje kwako. Au atafute jina la kumwaibisha Evarisiti. Si ndivyo?"

"Mimi siwezi kuficha..."

"Najua wewe huwezi. Wao wanajuaje? Yule aliyemuua Karitasi, unadhani waliiruka nyumba yake kwa sababu gani? Labda alikuwa na shemeji kituoni. Labda alikuwa na mdomo kama wako. Mimi nataka wapekue, Ntahombaye. Nilinyoosha mkono, sijaushusha. Nataka wapekue mpaka wapate."

Venanti aliacha kucheka. Kwa miaka miwili alikuwa amewadharau kwa kuingia kwake. Hakuwahi kufikiria nyumba walizozipita.

Akatoka kwenye mstari akaenda mpaka mbele ya meza.

"Evarisiti. Hujanisoma."

"Nyumba yako iko sawa, mzee. Rudi nyuma."

"Umejuaje iko sawa? Umeingia? Soma daftari langu, uje upekue."

"Jamani huyu mzee!" Afande Nikodemu alisema. "Tukija analalamika, tusipokuja analalamika. Unataka nini?"

"Nataka mfanye kazi mnayolipiwa. Soma."

Evarisiti akalisukuma daftari kando. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Ndipo Mama Sikolasitika alipofika akachukua kipaza sauti mezani kama anayechukua mwiko jikoni kwake, na daftari.

"Mimi nyumbakumi nitasoma. Ntahombaye Venanti."

"Yupo."

"Ndayegamiye Pasikali. Rumonge, barua ipo. Nduwayo Godeliva."

"Yupo."

Akavuta pumzi. Kipaza sauti kiliipeleka pumzi ile uwanja mzima, hadi darasani, hadi kwenye magari ya polisi.

"Basakubusa."

Hakuna aliyecheka. Godeliva alikuwa amemshika mtoto kifuani, ametazama mbele, moja kwa moja usoni mwa Afande.

"Yupo," alisema.

"Haya," Mama Sikolasitika akawaambia askari, akikiweka kipaza sauti chini. "Nendeni mpekue. Na leo mpekue kweli."

Walikwenda watatu, Venanti nyuma yao. Mmoja aliangalia jikoni. Mwingine alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akaliona pazia, akakumbuka jambo, asilivute. Afande alibaki kizingitini akiangalia saa. Kona ya zana waliipa mgongo. Godeliva alikuwa hajamaliza kumfunga mtoto mgongoni kule uwanjani, wao walikwishatoka.

"Shwari," Afande alisema, akatia sahihi.

Venanti akaingia ndani akapiga magoti kwenye ile sakafu yenye upele, akainama kuangalia chini ya kitanda. Vumbi lilikuwa limelala vilevile kama lilivyolala jana. Hakuna aliyeinama.